Barua ya kufunga shule, na habari ya kitabu cha viboko

Wazazi na walezi wangu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za siku. Tunafunga Ijumaa, ripoti tunawapa watoto wenyewe kwaiyo muwadai, kuna wajanja ripoti zao kila mwaka zinalowa mvua njiani hata kama ni kiangazi.

Matokeo mtayaona, leo nina lingine. Kwenye kabati ya ofisi yangu kuna kitabu cha viboko. Juzi nimekifungua nikakuta muhula mzima kina majina mawili. Mawili tu! Na mimi ofisi yangu imepakana na kidato cha pili B, fimbo nazisikia karibu kila asubuhi. Kanuni za viboko mashuleni Tanzania za mwaka 2002 ziko wazi kabisa, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena kwa kosa kubwa, visizidi 4, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe. Maandishi ya ruhusa sijampa mtu muhula huu, kwaiyo kosa la kwanza ni langu, nilikua nasikia na nikanyamaza.

Nikakaa na walimu, wengine wakanuna. Mmoja akaniambia madam, darasa la watoto 90 bila fimbo nalishikaje, na kiukweli namwelewa, nimefundisha madarasa hayo na nimechapa sana tu. Ila tulipoanza kutajana nani hasa anachapwa, majina yakawa yaleyale, wachelewaji, na wachelewaji karibu wote wanatoka kule bondeni. Mtoto anaamka saa kumi usiku, anateka maji kwanza, anatembea, anafika wenzake wako mstarini, anakula mbili za mkononi alafu aingie hesabu na mkono umevimba. Wa hapa jirani na geti hata awe mtukutu vipi anawahi namba, haguswi. Yaani tulikua tunachapa umbali.

Basi muhula ujao anayechelewa ataulizwa kwanza na mwalimu wa darasa, na fimbo bila saini yangu hamna. Na nyie mnaonipigia simu "mwalimu mchape tu, nimekuruhusu", jamani, ruhusa hiyo mzazi hana.

Jingine, kuna mabinti wamerudi masomoni baada ya kujifungua. Wizara ya Elimu imeruhusu tangu Novemba 2021, sio huruma yangu. Wazazi wanne wamekuja ofisini kusema watawaharibu wenzao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza waliowapa mimba wako wapi. Mabinti wanabaki, na atakayewazomea nitamuita yeye pamoja na mzazi wake.

Uji: mtoto asitolewe kwenye foleni mbele ya wenzie kisa mchango haujalipwa, mpishi nimeshamwambia. Deni ni la mimi na wewe mzazi, na nitakupigia kweli, msizime simu.

Tarehe ya kufungua nitaituma kwenye grupu. Kitabu cha viboko mzazi yeyote anayetaka kukisoma aje siku za kazi kabla ya saa nane mchana, funguo ya kabati anayo karani.

Wenu,
Mkuu wa shule