Medali ya saa ipimwe hadharani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu wauza saa kwenye maonesho yetu ya biashara hapa Mwanza. Mimi ni fundi saa, meza yangu ipo Kirumba, na kazi hii nimezeekea.

Kwenye banda moja nilikuta bango: "Mshindi wa medali ya dhahabu, saa sahihi kuliko zote." Mshindi wapi, mwaka gani? Kijana mwenye spika akanijibu, "Mzee, hiyo ni ya kimataifa." Haikupita wiki, mteja akaniletea saa ya banda hilohilo, imesimama. Nikaifungua. Ndani ya kasha pana kuna mashine ndogo ya betri, imezungushiwa pete ya plastiki isichezecheze. Vile visaa vitatu vya usoni ni urembo mtupu, mishale yake imegandishwa.

Kujitangazia medali si jambo geni. Mzee mmoja wa Ukerewe ana saa ya mfukoni ya Omega, ya urithi. Ukifungua mgongo unakuta mfuniko wa pili, umechorwa: Grand Prix, yaani tuzo kuu, Paris, 1900. Hilo nalo ni tangazo, lakini limetaja mji na mwaka. Anayetaka kuhakiki ana pa kuanzia.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha maonesho ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1876. Mswisi mmoja, Edouard Favre-Perret, alikuwa jaji. Akachukua saa ya Waltham, kampuni ya Kimarekani, tena ya daraja la tano, akaondoka nayo. Paris akaisawazisha na saa ya kupimia. Siku ya sita ilikuwa imepishana nusu dakika hivi. Alipofika kwao akamkabidhi fundi bingwa aichunguze, naye akakiri kwamba katika saa 50,000 za Uswisi hutapata moja kama ile. Favre-Perret hakuyaficha hayo, akawaeleza wenzake bila kumung'unya. Wenye viwanda vya saa vya Uswisi nao walikuwa wamemtuma Jacques David, mhandisi wa kampuni ya Longines, akarudi na taarifa ndefu ya jinsi Wamarekani wanavyochonga vipuri kwa mashine. Na Waltham, biashara ni biashara, wakayafanya maneno ya yule jaji kuwa tangazo lao.

Medali za Philadelphia zenyewe zilikuwa za shaba, za aina moja, na waliopewa walikuwa maelfu. Medali peke yake ingemwambia nini mnunuzi? Kilichoiuza Waltham ni zile siku sita.

Basi nawaomba waandaaji wa Nane Nane pale Nyamhongolo watutengee meza ya kupimia. Agosti 1, kila muuza saa atoe saa moja, ila jaji aichague mwenyewe kutoka kwenye maboksi, si ile iliyosuguliwa ya kabatini. Zisawazishwe zote kwa saa ya simu, zifungiwe sandukuni. Za ufunguo zitiwe ufunguo kila asubuhi mbele ya watu, siku nyingine zilazwe chali, siku nyingine zisimamishwe, maana saa ya namna hiyo ikilala haiendi sawa na ikisimama. Agosti 8 sanduku lifunguliwe, tofauti ziandikwe ubaoni pamoja na jina la banda.

Ya betri ikipishana zaidi ya sekunde tano, mwenye bango alishushe. Ya ufunguo nitaivumilia hadi sekunde 30 kwa wiki, ndicho kiwango walichowekewa watu wa reli kule Marekani baada ya treni mbili kugongana Kipton, Ohio, mwaka 1891. Chanzo kikubwa kilichotajwa ni saa ya dereva kusimama kwa dakika chache kisha ikaendelea, naye hana habari.

Meza na sanduku nitaleta mimi. Ufunguo wa sanduku apewe mtu asiyeuza saa. Nami nauza Seiko za mitumba, kwa hiyo nisipewe.

Fundi saa,
Kirumba, Mwanza