Barua ya wazi kwa Shangazi: huyo kijana si babu yake

Shikamoo Shangazi.

Naandika hapa kwa sababu kwenye kundi letu la familia ukiandika aya mbili unajibiwa kwa vibonzo. Na najua si wewe peke yako. Posa nyingi zimerudishwa mjini na vijijini kwa neno lile ulilolisema Jumapili: "Ile damu ina moto."

Umewatuma watu wakachunguze ukoo wa kijana aliyeleta posa kwa binti yetu, wakarudi na habari nzito. Babu mzaa baba alimkata mtu panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Baba mdogo amewahi kufungwa kwa kumpiga mtu. Ukasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mshenga akaambiwa asubiri.

Kuchunguza ukoo sina ugomvi nako. Vijana wenzangu wanaiona desturi ya kishamba, mimi simo. Binti anakwenda kulala nyumba ya watu, lazima tujue ni watu gani. Ninachobishia ni kule ulikopeleka macho.

Kuna mzee mmoja Uholanzi angekuelewa sana. Alikuwa mwalimu, na mwaka 1962 aliandika habari za wanaume tisa wa ukoo wake waliokuwa na matatizo yanayofanana. Miaka ilipita, na mwaka 1978 wanawake wa ukoo huohuo wakaenda hospitali ya chuo kikuu mjini Nijmegen, wakiogopa kuzaa watoto wa kiume. Daktari Han Brunner na wenzake wakaifuatilia familia ile hadi wakatoa majibu mwaka 1993. Wanaume wale walikuwa na upungufu mdogo wa akili, na hasira zao zililipuka kwa jambo dogo. Mmoja aliambiwa na bosi wake kwamba kazi yake hairidhishi, akajaribu kumgonga kwa gari. Mwingine alimchoma msimamizi wake kwa uma wa shambani. Wengine walichoma moto nyumba.

Kilichokutwa ni hitilafu ya herufi moja tu kwenye jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, iitwayo MAOA. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali za ubongo kama serotonini na dopamini zikishamaliza kazi yake. Kwa wanaume wale kimeng'enya hicho hakikutengenezwa kabisa.

Sasa sikiliza, Shangazi, maana hapa ndipo uchunguzi wako ulipokwenda kombo. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Mtoto wa kiume hupewa X na mama yake. Baba humpa Y. Hata kama babu yule wa panga angekuwa na hitilafu ya Uholanzi, asingeweza kumrithisha mwanawe wa kiume, sembuse mjukuu aliyetoka kwa mwana huyo. Wewe umehoji upande wa baba mpaka kizazi cha tatu, upande wa mama hukuuliza hata jina la kijiji. Sisemi ukaanze kuwachunguza wajomba. Koo zilizokutwa na hitilafu ya namna ile duniani ni za kuhesabu kwa vidole.

Iko tofauti nyingine kwenye jeni hiyohiyo, nayo ni ya kawaida kabisa. Kwa wengine hufanya kazi kwa nguvu, kwa wengine kwa unyonge. Miongoni mwa wanaume wa asili ya Ulaya, karibu theluthi moja wana ile nyonge, nao wamo walimu, madereva na mapadri. Mjini Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, toka utotoni hadi utu uzima. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao wakatazama wavulana wa kundi hilo. Waliokuwa na jeni nyonge na pia walitendewa ukatili utotoni walikuwa asilimia 12 tu ya wanaume waliochunguzwa, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya kutumia nguvu. Waliokuwa na jeni ileile lakini wakalelewa bila mateso hawakuwa wakorofi kuliko wengine. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na nguvu ya uhusiano huo ilionekana ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo, wajumbe wako hawakurudi na neno hata moja kuhusu alivyolelewa kijana.

Sikudanganyi kwamba urithi hauna lake. Watafiti wa mapacha wanakadiria kuwa karibu nusu ya tofauti za ukali baina ya watu inatokana na urithi. Nusu hiyo ni ya tofauti katika umati wa watu. Si nusu ya hasira ya mtu mmoja, na haikai kwenye jeni moja. Kila jeni huchangia kidogo sana. Huko Denmark nako watafiti walipitia habari za watoto zaidi ya 14,000 waliolelewa na wazazi wasiowazaa, matokeo yakatoka mwaka 1984. Ambao wazazi wao wa kuwazaa walikuwa na hukumu za jinai, nao walielekea kuhukumiwa zaidi kwa wizi. Makosa ya kupiga na kujeruhi hayakuonyesha uhusiano huo. Ajabu, eh? Sisi mwizi tunasema kafundishwa na marafiki, mgomvi ndiye tunamsingizia damu.

Lakini linaloniudhi zaidi ni hili. Neno "damu" unalolitumia leo kumkataa mtu, kesho atalitumia mwingine kujitetea. Huko Tennessee, Marekani, mwaka 2009, mawakili wa Bradley Waldroup, aliyemuua rafiki wa mkewe kwa bunduki na kumkatakata mkewe kwa panga akanusurika, walipeleka mahakamani ushahidi wa jeni ya MAOA pamoja na habari za mateso ya utotoni mwake. Baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, likamwona na kosa dogo kuliko hilo. Akafungwa miaka 32 badala ya kukabili adhabu ya kifo. Mwaka huohuo huko Italia, mahakama ya rufaa ilimpunguzia muuaji mmoja mwaka mzima kwa ushahidi wa namna hiyo. Huko ni mahakamani, kuna wataalamu wa kubishana. Barazani kwetu nani atabishana? Mume atampiga mkewe, mke atakuja kwako analia, na wazee watasema mvumilie, kwao ndivyo walivyo. Umeshayasikia hayo, Shangazi, tena si mara moja.

Na wao wakija kutuchunguza sisi? Babu yetu mwenyewe, ile bakora yake ya mtobwe tumeitundika ukutani, wageni tunawaonyesha kwa majivuno. Waliochapwa nayo wapo hai. Wake zake tunasema "walikuwa wastahimilivu". Wa kwetu ni mkali, wa kwao ana damu ya moto.

Kwa hiyo mshenga akirudi, mpokee. Kisha watume watu wako tena, safari hii waende kwa waliokaa na kijana mwenyewe. Waliopanga naye chumba wanajua anafanyaje akidaiwa kodi au akifungiwa bao. Dada zake wanajua akikasirika anaondoka au anavunja vyombo. Kama aliwahi kuwa na mchumba, aulizwe kwa siri waliachanaje. Akinywa anakuwa mtu gani? Na akiwa alipigwa sana utotoni, naomba lisigeuzwe hukumu. Aulizwe tu yeye analizungumziaje, na watoto wake atawalea vipi.

Binti naye ana mdomo. Ametoka naye mwaka mzima na zaidi, hakuna aliyemuuliza.

Majibu yakirudi mabaya, kwamba amewahi kumwinulia mwanamke mkono, mimi nitakuwa wa kwanza kusema posa irudishwe. Na siku hiyo habari za jeni sitazitaja kabisa.