Salamu za Siku ya Kumbukumbu kwa ndugu zetu mlioko Marekani

Ndugu zetu, Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari wa Marekani waliofia vitani, imefika. Salamu za kwanza ziwafikie wenye kaburi la kuzuru leo. Mungu awape subira.

Mtakaohudhuria makaburini mtasikia bunduki zikilia mara tatu. Katika vita vya zamani vya Ulaya, mapigano yalisimamishwa ili kila upande uokote maiti wake. Kikosi kilichokwisha kuwasitiri watu wake kilifyatua mara tatu kuwajulisha wenzao kwamba kiko tayari kuendelea. Siku hizi wafyatuaji kwa kawaida ni saba, wakitumia risasi baridi, na kwa kuwa risasi hiyo haina nguvu ya kuirudisha bunduki tayari, askari huikoki kwa mkono kila baada ya mlio. Kwa sababu saba mara tatu ni 21, wengi huiita mizinga 21. Hapana, hiyo ni mizinga hasa, na leo kambini hupigwa saa sita mchana, mmoja kila dakika.

Tarumbeta nayo iliingia mazishini kwa tahadhari. Julai 1862, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, huko Harrison's Landing, Virginia, Jenerali Daniel Butterfield aliutengeneza upya mlio wa kuwaashiria askari kuzima taa usiku. Kapteni John Tidball alitakiwa kumzika askari wake na adui yuko karibu. Bunduki zingedhaniwa ni shambulio, akaamuru upigwe mlio ule badala yake. Ni noti 24 tu, lakini midomo ikishikwa na baridi haziendi. Kwenye mazishi ya Rais Kennedy, Novemba 1963, mpigaji alisimama muda mrefu kwenye baridi, na noti ya sita ikamkatikia mbele ya dunia nzima. Sisi tunaiona kuwa noti ya kweli kuliko zote siku ile.

Bendera ya jeneza hulazwa sehemu ya buluu ikiwa kichwani, juu ya bega la kushoto la marehemu. Hukunjwa mara 13 hadi pembetatu. Mikunjo miwili ya kwanza, ya urefu, ikilegea, nyekundu itachungulia mwishoni, na hapo hamna budi kuifungua na kuanza upya.

Nyumbani, pandisheni bendera upesi hadi kileleni, kisha ishusheni taratibu hadi nusu mlingoti. Msiifunge katikati ikitokea chini. Saa sita mchana irudisheni juu, na saa tisa kamili alasiri msimame kimya dakika moja pamoja na nchi nzima.