Draiva za vifurushi vya zamani zisifungiwe mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanaosakinisha mifumo endeshi kwenye mashine ambazo draiva zake, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia kadi na vifaa, bado zimefungwa kwa mtindo wa zamani. Chukua Solaris, mfumo endeshi wa Oracle. Toleo la 11, la Novemba 2011, lilihamia kwenye vifurushi vya mtindo mpya wa IPS, ilhali kuna kadi za diski na za mtandao ambazo draiva zake zilitolewa kwa mtindo wa zamani wa SVR4 tu. Kisakinishi kiendelee kuzipokea, tena kizipokee kikamilifu.

Kifurushi cha IPS kwa kawaida huvutwa kutoka hifadhi ya mtandaoni. Je, ikiwa draiva inayokosekana ni ya kadi ya mtandao yenyewe? SVR4 hufungwa kuwa faili moja, likakaa kwenye fleshi, likasomwa kwa pkgadd -d, amri ya kuweka vifurushi hivyo. IPS nayo ina faili lake la kubebeka, la .p5p, nakubali, lakini mtengenezaji aliyekwisha kuachana na kadi hiyo hatarudi kukufungia jipya.

Matatizo mengi huzaliwa hapa: wakati wa usakinishaji kuna mifumo miwili. Mmoja unaendesha kazi ukiwa kwenye kumbukumbu. Wa pili unajengwa kwenye diski na kuonekana chini ya /a. Ukitoa pkgadd bila -R, inayotaja mfumo wa kuwekewa, draiva huingia ule wa kwanza peke yake. Diski itaonekana, kazi itafika mwisho salama, kisha ukiwasha upya mashine haioni diski yake. Draiva lazima iwekwe mara mbili: kwanza kwa pkgadd ya kawaida, halafu, mfumo mpya ukishaandikwa, kwa pkgadd -R /a -d na jina la faili. Baada ya hapo toa bootadm update-archive -R /a, inayoandika upya faili ambalo mashine husoma inapowaka, maana draiva isiyomo kwenye faili la kuwashia haitapatikana mapema inapohitajika.

Hata hapo skripti ya postinstall, inayoendeshwa kifurushi kikishawekwa, yaweza kuharibu. Ikiita add_drv, amri ya kusajili draiva, bila -b na njia ya mfumo mpya, itasajili draiva kwenye mfumo wa kumbukumbu tu. Fungua /a/etc/driver_aliases, orodha ya draiva na kadi zake, uhakikishe kwa macho. Kwa kadi ya Intel 82574L, kwa mfano, utafute mstari huu: e1000g "pciex8086,10d3". Usipokuwepo, draiva ipo lakini haijui kadi yake.

Kabla ya yote soma pkgmap ya kifurushi, yaani orodha ya faili zake. Solaris 11 kwenye x86 ina kiini cha biti 64 pekee, hivyo usipoona kernel/drv/amd64, folda ya draiva za biti 64, usijisumbue. Na katika usakinishaji usio na mtu, pkgadd huuliza maswali na kusimama ikingoja jibu. Tumia -n, ili isiulize, pamoja na faili la -a lenye maamuzi yaliyoandikwa mapema.

Wanaopinga husema daftari za vifurushi zitakuwa mbili, na pkg verify, amri ya ukaguzi ya IPS, haitakagua faili za SVR4. Ni kweli, na msimamizi aziandike mahali. Lakini mashine isiyowaka haina cha kukaguliwa.

Ninachowaomba waandishi wa visakinishi ni hiki: programu iweke draiva pande zote mbili yenyewe, na kifurushi kisicho na biti 64 ikikatae kwa ujumbe unaoeleweka kabla diski haijaguswa.

Msomaji wako,
Msimamizi wa mifumo