Risala ya Akina Mama Wafuma Lesi wa Mbagala kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe kwa kuja mwenyewe. Tumezoea kuletewa mwakilishi, na mwakilishi huwa hana mamlaka ya kusaini.

Historia yetu ni fupi, hatutakuchosha. Tulianza wanne chini ya mwembe, tukifuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Leo tuko 19 na tunahitimu mitindo mitatu ya lesi ya vijiti. Kwa ngazi ya mtaa, na hatuoni aibu kusema hata ya mkoa, haya ni mapinduzi. Kazi zetu zimeshavuka mipaka ya nchi: kitambaa kimoja kiko Muscat, alikokipeleka shangazi wa mwanachama wetu.

Mheshimiwa, lesi hii haishonwi kwa sindano. Uzi huzungushwa kwenye vijiti viendavyo jozi jozi, na mikono ina miondoko miwili tu, kupishanisha na kusokota, huku pini zikichomwa kwenye mto ili kushikilia umbo. Tulianza na Torchon, ya mistari ya mshazari, ambayo ndiyo ya wanaoanza. Tukaingia Bedfordshire, yenye misuko na vijani vidogo vinavyomtoa mtu machozi. Tukamalizia na Honiton ya Devon, Uingereza, ambayo maua yake hufumwa moja moja ndipo yaunganishwe. Ndiyo lesi aliyovaa Malkia Victoria kwenye harusi yake mwaka 1840. Vijiti tumechongewa na mafundi wa Mwenge kwa mabaki ya mpingo. Vya Bedfordshire huvishwa shanga mkiani ili viwe na uzito na visibingirike. Shanga hatukuziagiza nje, Mheshimiwa. Hizo majumbani zipo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tunaomba chumba kimoja.

Kazi ikiwa haijaisha, mto haukunjwi wala hautiwi kwenye mfuko; vijiti vikichanganyika, ni kukata na kuanza upya. Sisi tunafumia barazani kwa mwanachama. Masika yakianza, tunakimbia na mito vifuani. Pini nazo, kwa unyevu wa huku kwetu, zinashika kutu, na kutu ikigusa uzi mweupe haitoki hata kwa ndimu. Kola ya bibi harusi iliharibika hivyo hivyo, tukarudisha pesa ya watu.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa hafla iliyopita alilipokea kwa bashasha, akaahidi mbele ya hadhara hii kwamba msingi utachimbwa kabla ya Ramadhani. Na kweli fundi alikuja, akapima kwa futi kamba, akachimbia vigingi vinne. Tunashukuru. Vigingi ni imara mpaka leo. Kimoja anafungwa mbuzi wa jirani. Aliyemtangulia alituahidi vyerehani, ambavyo hatukuviomba, na ambavyo pia havijafika.

Mji wa Idrija, nchini Slovenia, una shule ya lesi tangu mwaka 1876, na inafundisha hadi leo. Sisi hatuombi shule. Kiwanja tunacho, na muhtasari wa kikao umegongwa mhuri. Matofali tunanunua wenyewe kwa michango ya kila wiki. Kilichobaki ni saruji, mabati, mlango wenye kufuli na dirisha pana, maana uzi ni mwembamba na macho yetu si ya juzi. Makadirio ya fundi tumeyaambatanisha na risala hii. Nakala nyingine tumempa dereva wako, endapo hii itasahaulika mezani.

Tumekuandalia zawadi ndogo ya kitambaa cha Torchon. Cha Honiton bado kinafumwa. Tutakukabidhi siku utakapokuja kutufungulia chumba.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi