Nilisema nimepata nyumba, sikusema nimejenga

Tacoma, Marekani, Jumapili usiku

Kaka Elinami, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata, na wa Baba Mdogo, na ule wa kamati ya harusi ya Manka wenye jina langu juu kabisa na milioni 3 mbele yake. Milioni 3, kaka! Hata Mangi na uchifu wake angeulizwa kwanza.

Niko zamu ya usiku, wazee wamelala, acha nikueleze vizuri habari hii ya mimi kuwa na nyumba Marekani.

Mzee wa chumba cha tatu ana boksi la magazeti ya mwaka 1947, alipokuwa mtoto. Karatasi zimekauka kama majani ya mgomba ya Januari. Hataki nizishike, anazifungua mwenyewe kwa ukucha na kuzikunja palepale zilipokunjwa. Humo ndimo nilimokuta habari ya Kenneth Arnold, mfanyabiashara wa vifaa vya kuzimia moto. Juni 24 mwaka huo alikuwa anarusha kindege chake karibu na mlima Rainier, huuhuu ninaouona dirishani wingu likiondoka. Alikuwa anatafuta ndege ya jeshi iliyopotea, maana kulikuwa na zawadi ya dola 5,000 kwa atakayeiona. Badala yake akaona vitu tisa vinang'aa, vimefuatana. Akavipima kwa saa kutoka Rainier hadi mlima Adams: dakika 1 na sekunde 42. Kwa hesabu yake, ni zaidi ya maili 1,000 kwa saa.

Kesho yake akaingia ofisi ya gazeti la East Oregonian, mjini Pendleton, akasimulia. Mwenyewe alisema alichoeleza ni mwendo: vilirukaruka kama kisahani ukikirusha juu ya maji. Mwendo, kaka, kama vile vigae tulivyokuwa tunarusha mtoni. Umbo alisema ni bapa, nyuma kama limekatwa. Shirika la habari la Associated Press likaisambaza habari, wahariri wakang'ang'ania neno kisahani, na vichwa vya habari vikawa "visahani virukavyo". Haikupita wiki mbili, nchi nzima watu wanaona visahani, duara kabisa kama vya chai. Julai 4, rubani wa United Airlines aliyeruka kutoka Boise naye akaviona. Julai 8 gazeti la mji wa Roswell, New Mexico, likaandika kwamba jeshi limekamata kimoja. Jioni hiyohiyo jeshi likasema ni puto la hali ya hewa.

Mzee anasema yeye na kaka yake walipanda juu ya paa wakakiona chao. Nikamuuliza kilikuwaje. Akanijibu, "Kama kwenye gazeti."

Mwaka 1950 Arnold alimwambia mtangazaji Edward R. Murrow kwamba magazeti yalimnukuu vibaya. Nani alijali?

Hata mlima wetu haukuachwa. Februari 1951 rubani na abiria wa ndege ya East African Airways, wakitoka Nairobi kwenda Mombasa, walisema wameona kitu kimesimama hewani juu ya Kilimanjaro. Babu alikuwa chini ya mlima huohuo anapalilia kahawa na hakuwahi kutuambia kaona chochote. Mzee hakuijua hiyo. Nikamwambia pia kwamba wetu una mita 5,895, wao 4,392 tu. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa rudi kwa Shangazi Ndeshi. Mwezi wa tatu nilimwambia kwenye simu, "Shangazi, nimepata nyumba." Nyumba ya kulelea wazee, ya kazi, vyumba sita. Kufika kwetu Marangu Mtoni vyumba sita ni vyangu. Kufika kanisani ni ghorofa. Na Baba Mdogo anaapa ameiona kwa picha! Picha ipi? Ile nimevaa sare mlangoni kwa bosi.

Si kwamba nimekwama. Mimi ndiye mkuu wa zamu ya usiku, mtihani wa cheti nilifaulu mara ya kwanza, na gari ninaloendesha, Toyota, halidaiwi hata senti. Hayo Shangazi ayatangaze. Miguu inavimba kidogo, imeshakuwa kawaida.

Michango ningeivumilia. Kinachonikosesha usingizi ni lile neno la Baba Mdogo, kwamba "Aminiel ana nyumba Marekani, kihamba atakifanyia nini." Mimi ni kitinda mimba, na Baba alisema mbele ya wazee kwamba kihamba, shamba letu la ukoo, ni changu, wewe ukiwa umekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuna wa kunihesabia migomba ya Baba kwa sababu ya ghorofa ambayo hata mimi sijawahi kulala ndani yake.

Asubuhi mlima ukitoka wenyeji hapa huambiana, kama sisi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikifunguka. Jana ulitoka mweupe mpaka chini. Nikasimama kwenye maegesho na kahawa yangu ikapoa, nikausikia moshi wa jiko la Mama. Basi.

Kwa Manka nimetuma laki 4, zipokee wewe, na jina langu kamati walishushe chini kidogo. Halafu panda hadi kwenye mpaka wa juu wa kihamba, upige picha ya masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, moja baada ya jingine, ukianzia kwenye mparachichi. Unitumie mimi. Shangazi asizione.

Mdogo wako,
Aminiel