Kadi ya ada iendane na mavuno

Ndugu Mhariri,

Shule binafsi ndogo ikifungwa kijijini, lawama huwaangukia wazazi: hawana mwamko. Mara nyingi kosa liko kwenye kadi ya ada, iliyonakiliwa kutoka shule za mjini: nusu Januari, nusu Julai. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Januari mahindi yako shambani yanadai mbolea ya kukuzia, na mkulima aliyemaliza akiba ananunua unga dukani. Fedha huonekana Julai hadi Septemba. Ukimrudisha mtoto nyumbani Februari kwa sababu ya deni, mzazi anamhamishia shule ya serikali isiyo na ada, na Agosti, fedha zikipatikana, hamrudishi tena.

Ada igawanywe mafungu manne, na zaidi ya nusu ilipwe baada ya mavuno. Maana yake anayefungua shule Januari awe na mishahara ya miezi sita mkononi. Asiyekuwa nayo asubiri mwaka mwingine, hata kama madarasa yameshaezekwa.

Sehemu ya ada ipokewe kwa mazao. Mtoto akila gramu 150 za unga wa dona na gramu 50 za maharage kila mchana, kwa siku 194 za masomo anahitaji karibu kilo 29 za unga na kilo 10 za maharage. Wanafunzi 60 ni tani moja na robo tatu za unga, na maharage yasiyopungua kilo 580. Anayetaka sembe aongeze mahindi, maana pumba hazipikwi ugali. Bei iandikwe kwenye risiti siku ya kupokea, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Mzazi aliyeleta gunia Julai akija kudai bei ya Februari, bila risiti ugomvi hauishi.

Mahindi yasiyokauka vizuri yasipokewe kwa kuoneana haya. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Yakihifadhiwa na unyevu yataota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Yaliyokauka yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, midomo ifungwe barabara. Mfuko wenye tundu dogo tu huingiza hewa, na dumuzi, mdudu atoboaye mahindi, akipata hewa anaendelea kula.

Kuhusu ukuaji: anza na awali na darasa la kwanza, kisha ongeza darasa moja kila mwaka. Wapo wanaopokea wahamiaji wa darasa la nne na la tano ili kujaza viti. Ada ya watoto wanane haimlipi mwalimu anayeongezwa kwa ajili yao. Vyoo navyo viongezwe pamoja na madarasa: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Mashimo yachimbwe kiangazi. Ya masika hubomoka kabla hayajajengewa.

Kuna jambo lisilosemwa sana. Mtaala mpya wa elimu ya msingi unaishia darasa la sita. Walioanza nao wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa hilo mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la mtaala wa zamani litamaliza. Shule yenye watoto 15 kila darasa, kuanzia awali, ina watoto 120. Itaaga 30 kwa mpigo na kupokea 15 wa awali. Upungufu huo hauzibiki mwaka unaofuata, kwa kuwa darasa moja limefutika moja kwa moja. Mikataba ya walimu inayoandikwa sasa izingatie Desemba 2027, na bajeti ya 2028 ipigwe kwa madarasa saba, awali ikiwemo, si manane.

Mdau wa elimu,
Nyanda za Juu Kusini